Majina ya Sayari: Kutoka Khanfu ya Mabaharia hadi Yide Lu ya Leo



Makala zetu nyingi zimehusu shajara za nasaba: nani alimzaa nani, na nani alihama lini. Leo nawaletea nasaba ya namna nyingine, nasaba ya majina ya sayari. Kilichonisukuma ni ubishi wa wajukuu wangu wawili, mmoja anayesoma Maskati na mwingine Dar es Salaam. Wa Maskati alishika kwamba sayari yenye pete ni Zuhal. Wa Dar es Salaam akajibu kwamba yenye pete ni Sarateni, na Zohali ni sayari nyingine kabisa iliyo nyuma yake. Kila mmoja alikuwa na kitabu chake cha shule mkononi, na kila mmoja alimwona mwenziwe hakusoma. Watoto hawa ni wa damu moja, na mababu zao walisafiri kwa nyota zilezile. Nikaona si vyema waachwe hivyo.

Jawabu lenyewe lilinipambazukia mahali nisipopatazamia: katika barabara ya Yide Lu, mjini Guangzhou, Uchina. Nilimsindikiza mpwa wangu, ambaye huagiza vifaa vya shule na vya kuchezea watoto kwa ajili ya maduka ya kwetu. Yide Lu ni barabara ya jumla, karibu na kingo za Mto wa Lulu. Upande mmoja kuna harufu ya pwani yetu hasa: samaki wakavu, kamba, mapezi ya papa, na majongoo ya bahari yaliyokaushwa na kupangwa kwa ukubwa. Upande mwingine ni maduka ya vitu vya kuchezea, madaftari na mapambo, ghorofa juu ya ghorofa. Juu ya yote husimama minara miwili ya kanisa kuu la mawe, lililojengwa kati ya 1863 na 1888.

Katika duka mojawapo palikuwa na mfumo wa jua wa plastiki: jua katikati likiwaka kwa betri, na sayari nane zikizunguka juu ya mikono ya waya. Mpwa wangu, ambaye Kichina amekipata kwa biashara, akanisomea maandishi yaliyokuwa chini yake.

“Mjomba, hii yenye pete wanaiita nyota ya udongo.”

Nikamwomba aendelee. Utaridi ni nyota ya maji, Shuixing. Zuhura ni nyota ya dhahabu, au ya madini, Jinxing. Mirihi ni nyota ya moto, Huoxing. Mshtarii ni nyota ya mti, Muxing. Zohali ni nyota ya udongo, Tuxing. Wachina wa kale walihesabu asili tano za vitu, na sayari zinazoonekana kwa macho matupu ni tano, basi kila moja ikapewa asili yake. Mbili za mwisho zina majina ya namna nyingine: Uranus ni Tianwangxing, nyota ya mfalme wa mbingu, na Neptune ni Haiwangxing, nyota ya mfalme wa bahari.

Hapo ndipo penye ufunguo wa ubishi wa wajukuu. Lakini kabla ya kuufungua mlango, yafaa tukumbuke kwamba mji huu si mgeni kwa wazee wetu, wala si mgeni kwa elimu ya falaki.

Waarabu waliuita mji huu Khanfu. Kitabu cha safari kilichoandikwa mwaka 237 Hijria, sawa na 851 Miladia, kinaeleza kwamba Khanfu ndipo marikebu zilipokusanyika, na kwamba mfalme wa Uchina alimweka Mwislamu mmoja kuwa kadhi wa Waislamu waliokuwa pale. Marikebu zilitoka Siraf, zikateka maji Maskati, kisha zikavuka hadi Malabar na kuendelea mashariki. Kutoka Yide Lu hadi Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa mita 36 hivi, si mbali hata kwa miguu ya mzee. Mnara ule uliwahi kuwa mwongozo wa vyombo vinavyoingia mtoni.

Falaki nayo ilipita njia hizo hizo na nyinginezo za bara. Mwaka 1267 mwanachuoni aliyeitwa Jamal al-Din alimpelekea Kublai Khan vyombo saba vya elimu ya nyota. Kimojawapo kilikuwa tufe la dunia lililotengenezwa kwa mti, sehemu saba zikiwa maji yaliyopakwa rangi ya kijani, na sehemu tatu zikiwa nchi kavu kwa rangi nyeupe. Mwaka 1271 ikaanzishwa ofisi ya falaki ya Waislamu katika mji mkuu, na yeye akawekwa kuwa mkuu wake. Utawala wa Ming uliofuata haukuitupa elimu hiyo: mwaka 1382 mfalme Hongwu aliamuru vitabu vya falaki vya Waislamu vifasiriwe kwa Kichina, na miongoni mwa vilivyofasiriwa ni kitabu cha Kushyar ibn Labban. Leo matufe ya dunia yanauzwa Yide Lu kwa katoni. Ni vyema mtoto wetu anayenunuliwa moja ajue kwamba zaidi ya miaka 750 iliyopita tufe lilikuja Uchina kutoka upande wetu.

Mabaharia walikuwa na falaki yao, isiyohitaji ofisi. Walipima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari kwa vidole. Waarabu waliita kipimo hicho isba, yaani kidole, sawa na digrii moja na nusu na ushei. Wachina nao, katika ramani za njia za Zheng He, walipima kwa zhi, na maana yake ni kidole vilevile. Zheng He, Mwislamu wa Yunnan, aliongoza misafara saba kati ya 1405 na 1433, na merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Katika ramani hizo Malindi na Mombasa zimeandikwa kwa herufi za Kichina. Baadaye kidogo katika karne hiyo hiyo, Ahmad ibn Majid wa Julfar aliandika vitabu vyake vya ubaharia, na humo njia ya kwenda Sofala imeelezwa nyota kwa nyota.

Chombo chao kilikuwa kamali: kipande cha ubao na uzi wenye mafundo. Ukiushika uzi kwa meno na ubao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukagusa bahari na wa juu ukagusa nyota, fundo litakuambia uko wapi. Nyota waliyoitegemea zaidi ni Jaa, nyota ya kaskazini. Lakini chombo kinapoikaribia ikweta, Jaa huzama upeoni, na nahodha wa pwani yetu ilimpasa azijue nyota nyingine. Kwa hiyo mtu wa Lamu au wa Unguja alihitaji elimu zaidi, si pungufu, kuliko mwenziwe wa Ghuba.

Wanaodhani hayo ni hadithi za mabibi na wakumbuke jahazi Sohar. Lilijengwa Sur bila msumari, mbao zikashonwa kwa kamba za nazi. Likatoka Maskati Novemba 1980 na Tim Severin na mabaharia wa Oman, likafika Guangzhou Julai 1981, na njiani walijaribu kupima kwa kamali. Jahazi lenyewe limewekwa Maskati, na jamaa wa huko hulipita kila siku kwa gari.

Sasa turudi kwenye majina. Sisi tulirithi matano kwa Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Neno sayari lenyewe latokana na kwenda, kwa kuwa hizo ni nyota zinazotembea baina ya nyota zilizotulia. Wazee waliyatumia majina hayo katika falaki ya hesabu, na wengine katika kupiga ramli. Ya ramli tuyaache, majina tuyashike.

Waliotunga vitabu vya shule katika karne ya 20 walikabiliwa na kazi ngumu. Orodha ya Kizungu ilikuwa na sayari tisa, nasi majina ya kurithi yalikuwa matano, na Dunia ni la sita. Matatu yalikosekana, na sababu iko wazi. Uranus ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1781 na William Herschel kwa darubini. Neptune ilionekana mwaka 1846 mjini Berlin, Johann Galle alipoelekeza darubini pale hesabu za Urbain Le Verrier zilipoonyesha. Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh mwaka 1930. Hakuna mzee wa Kiarabu wala wa Kiswahili aliyeweza kuturithisha jina la sayari ambayo ilikuwa bado haijatambuliwa.

Basi katika baadhi ya vitabu vya shule majina yakahamahama. Utaridi ikaitwa Zebaki. Zebaki ni madini yale ya majimaji ya kipimajoto, na kwa Kiingereza madini hayo na sayari hiyo vina jina moja, ndipo jina la madini likapachikwa mbinguni. Jina Utaridi, lililobaki bila kazi, likapewa Pluto. Sayari yenye pete ikaitwa Sarateni, kwa kuwa labda yasikika kama Saturn, ilhali Saratani ni kaa, mojawapo ya buruji kumi na mbili. Zohali iliyonyang'anywa pete ikasukumwa kuwa Uranus. Neptune ikapewa Kausi, ambayo kwa Kiarabu ni upinde, nayo pia ni buruji.

Matokeo yake yalidhihirika mwaka 2006. Mkutano wa wanafalaki wa dunia uliokutana Prague uliamua kwamba Pluto ni sayari kibete, ikatolewa katika orodha. Kwa mtoto aliyesoma vitabu hivyo, aliyetolewa ni Utaridi! Sayari iliyojulikana na wazee tangu kale, iliyo jirani ya Jua, ikatolewa orodhani kwa hukumu isiyoihusu.

Silaumu mwalimu wala mtunzi. Walitaka mtoto asome kwa lugha yake, na nia hiyo ni njema. Ila nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi, na najua jina likiandikwa vibaya katika daftari linavyoweza kumtenga mtu na urithi wake. Familia zetu zinayajua hayo: ndugu wawili, mmoja akaandikwa kwa jina la kabila na mwingine kwa jina la babu, na wajukuu wao leo hawatambuani. Zohali nayo imefanyiwa hivyo hivyo.

Tazama walivyofanya wengine. Wachina waliacha matano ya kale kama yalivyo, na kwa mapya wakafasiri maana: Uranus ni mungu wa mbingu wa Wagiriki, Neptune ni wa bahari wa Warumi, wakaunda mfalme wa mbingu na mfalme wa bahari. Waarabu waliacha matano yao, na mapya wakayatamka tu kwa ulimi wao. Njia hizo mbili ni tofauti, lakini zote mbili hazikumpokonya mwenye jina jina lake ili kumpa mgeni. Rai yangu ni kwamba nasi tufanye hivyo: matano yetu yabaki mahali pake, na Uranus na Neptune tuziite kwa majina yao.

Nimewaandikia wajukuu wangu hivi, nanyi waelezeni wenu. Utaridi humaliza mzunguko wake kwa siku 88, na huonekana karibu na Jua tu, alfajiri au magharibi. Zuhura ni ile ing'aayo kuliko nyota zote. Mirihi ina wekundu. Mshtarii huzunguka kwa karibu miaka 12, na kwa darubini ndogo mtaiona miezi yake minne, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Zohali huzunguka kwa miaka 29 na nusu: mtu wa umri wangu amekwisha kuiona ikirudi mara mbili. Uranus huchukua miaka 84. Neptune huchukua karibu miaka 165, na tangu kugunduliwa kwake ilitimiza mzunguko wa kwanza mwaka 2011 tu.

Yule wa Dar es Salaam nimemwambia aandike katika mtihani jina lililo kitabuni mwake, asije akapoteza alama, lakini ajue na la babu zake. Yule wa Maskati nimemwambia asimcheke mwenziwe, kwani Zuhal yake na Zohali yetu ni neno moja lililovuka bahari.

Nina ombi kwenu, wasomaji. Wako bado miongoni mwetu wazee waliokwenda na majahazi, wanaoijua Jaa, Kilimia, na hesabu ya siku za Nairuzi kwa miongo. Mkiwatembelea, waulizeni majina ya nyota, mkayaandike kama wanavyoyatamka, pamoja na jina la bandari walikojifunza. Nileteeni, nami nitayaweka humu, kando ya shajara zetu.

Wabillahi tawfiq.