Kifo cha Robert Ouko: Wamechunguza Mara Nne, Jibu Liko Wapi?

Najua wengine mmelipia nusu saa tu hapo kafe, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye mada.

Huku kwetu Bariadi kikitokea kifo chenye utata, kijiweni lazima mtu aseme "subirini uchunguzi ukamilike", na mwingine aguune. Nani yuko sahihi? Mimi nimeishia kidato cha nne na si mwanasheria, ila nimesoma sana kuhusu kesi moja ya majirani zetu ng'ambo ya Sirari. Naona inafundisha.

NI NANI HUYU?
Dk. Robert Ouko alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya chini ya Rais Moi. Wazee wa Arusha watamkumbuka, maana alikuwa waziri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika mwaka 1977. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990 alitoweka nyumbani kwake shambani Koru, upande wa Kisumu. Tarehe 16 polisi wakatangaza kuwa mwili wake umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na hapo kwake. Alikuwa amepigwa risasi kichwani, mguu umevunjika, na mwili umechomwa moto.

UCHUNGUZI WENYEWE
1. Polisi wa Kenya. Mwanzoni walisema huenda kajiua. Jamani! Mtu avunjike mguu, ajipige risasi ya kichwa, halafu ajichome? Vijana wa Nairobi na Kisumu wakaingia mitaani kwa hasira.

2. Scotland Yard. Moi akaita wapelelezi kutoka Uingereza wakiongozwa na John Troon. Wakasema wazi kuwa ni mauaji. Troon akataja mambo ya kufuatilia: safari ya Washington ya mwanzoni mwa 1990, mradi wa kiwanda cha molasi Kisumu, na ugomvi ndani ya serikali. Akapendekeza wakubwa wawili wachunguzwe zaidi: waziri Nicholas Biwott na katibu mkuu Hezekiah Oyugi.

3. Tume ya Jaji Evans Gicheru. Ilianza mwaka 1990, mashahidi wakaongea hadharani. Novemba 1991, kabla haijamaliza kazi wala kuandika ripoti, Moi akaivunja. Biwott na Oyugi wakakamatwa, baada ya wiki chache wakaachiwa kwa kukosa ushahidi. Hawakushtakiwa tena, na wote wawili wameshafariki. Aliyefikishwa mahakamani ni Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru. Mwaka 1994 mahakama ikamwachia huru.

4. Kamati ya Bunge ya Gor Sunguh. Iliundwa mwaka 2003 baada ya Moi kuondoka madarakani. Ripoti yake ilikuja kujadiliwa Desemba 2010, bunge likaikataa.

UBISHI UKO HAPA
Wanaomwamini Troon wanasema alitoka nje, hakuwa na ndugu wala bosi Nairobi, na ndiye aliyezika ile hadithi ya kujiua. Hilo nakubali.

Lakini wanaompinga nao wana hoja, tusiwabeze. Habari nyingi za mradi wa molasi alizipata kwa wafanyabiashara wawili wa kigeni ambao wenyewe walikuwa wanadai fidia kwa serikali ya Kenya. Shahidi mwenye madai yake anasikilizwa, ila maneno yake yanapimwa mara mbili. Kwa hiyo "mzungu kasema" siyo ushahidi. Na kutajwa kwenye ripoti siyo kupatikana na hatia. Hili tuliweke wazi kabla watu hawajaanza kuhukumu marehemu.

VIPIMO VYANGU VITATU
Kwanza, nani anaweza kuuzima uchunguzi? Kama mwenye uwezo huo ni mkuu wa serikali ambayo watu wake wanatajwa, hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Pili, ripoti inatoka nzima? Mwaka 1975, baada ya mbunge J.M. Kariuki kuuawa, kamati ya bunge la Kenya iliandika ripoti, lakini majina ya watu wawili wa karibu na Rais Kenyatta yakaondolewa kabla haijasomwa bungeni.

Tatu, anayetuhumiwa anapewa nafasi ya kujitetea? Hapa tusiwacheke Wakenya. Mzee Abeid Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Kesi ya uhaini iliyofuata Zanzibar ilisikilizwa kwenye mahakama ya wananchi, washtakiwa hawana mawakili. Abdulrahman Babu alihukumiwa kifo akiwa hayupo, yuko kizuizini huku bara. Nyerere hakumpeleka Zanzibar, na mwaka 1978 Babu akaachiwa. Hukumu ilitoka, lakini watu wanabishana mpaka kesho.

MSIMAMO WANGU
Kesi ya Ouko mimi naamini sehemu moja tu kwa asilimia mia: aliuawa. Nani alituma, hakuna uchunguzi uliofika mwisho ukasema. Na kosa silioni kwa wapelelezi peke yao. Kila kazi ilipokaribia ngazi ya juu, kuna mtu alikuwa na mamlaka ya kusema basi. Familia imebaki na kaburi bila jibu.

Kwa hiyo siku nyingine mtu akikwambia "subiri uchunguzi", usigune tu. Muulize: nani anauongoza, nani anaweza kuuvunja, na ripoti tutaisoma lini?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mnaompinga Troon njooni na hoja. Matusi nafuta.