"Chuo Gani Hicho?" Wangari, Kansas na Vyuo Vidogo vya Marekani

Kijana wa hapa Missouri City akimaliza sekondari na kusema anaenda chuo kidogo cha binafsi, chenye wanafunzi elfu moja na kidogo, katika mji ambao baba hajawahi hata kupita, swali la kwanza sebuleni ni lile lile: "Chuo gani hicho?" Mama anataka UT. Mjomba aliye Nairobi anapiga simu anataka Harvard, maana ndiyo anayoijua. Shangazi anauliza kama wana uuguzi. Na kile chuo kidogo kinabaki kuonekana kama adhabu ya mtu aliyekosa pengine.

Sasa, tunaoongea hivyo tumesahau historia yetu wenyewe. Kizazi cha kwanza cha Waafrika Mashariki waliokuja kusoma Marekani kwa wingi, sehemu kubwa walisomea vyuo vya namna hiyo hiyo.

Turudi mwaka 1959. Kenya bado ni koloni. Afrika Mashariki nzima chuo cha kutoa digrii ni kimoja, Makerere, na digrii zenyewe ni za Chuo Kikuu cha London. Nairobi kuna Royal Technical College, ambayo bado haijawa chuo kikuu. Watoto wanamaliza sekondari wamefaulu vizuri, halafu basi, njia inaishia hapo. Na uhuru unakuja! Nani atakuwa daktari, nani atakuwa mhandisi, nani atakaa kwenye kiti cha yule Mwingereza siku akifunga virago?

Tom Mboya alikuwa na umri wa miaka 28 alipozunguka Marekani mwaka huo akihutubia watu na kuomba nafasi za masomo. Nafasi zilipatikana. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Fikiria mtu ana barua ya kukubaliwa chuoni na karo imesamehewa, lakini hana namna ya kuvuka bahari. Hapo ndipo marafiki zake wa Marekani walipoanzisha mfuko wa African American Students Foundation, na barua ya kuomba michango ikatiwa saini na Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikatoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Mboya alimtembelea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Safari hiyo waliondoka karibu 300. Mpaka 1963 walikuwa wamefika kama 800, wengi wao Wakenya, pamoja na vijana wa Tanganyika, Uganda, Zanzibar na nchi jirani.

Na kule nyumbani watu hawakukaa tu wakisubiri wazungu. Mwanafunzi alihitaji pesa za mfukoni za kuanzia maisha, kwa hiyo majirani walikaa kikao, wakanywa chai na kuchanga, wengine wakauza mbuzi. Zile harambee tunazofanya siku hizi kwenye kumbi za kukodi, na nyama choma na MC mwenye kelele, zina mizizi mirefu kuliko mnavyofikiri.

Lakini kwa nini vyuo vidogo? Jibu ni la kawaida kabisa. Chuo kidogo cha binafsi hakiendeshwi na serikali ya jimbo. Rais wa chuo anajua kila kitanda kilichobaki bwenini. Akipata barua ya kijana wa Nyeri au Kisumu na ikamgusa, anaweza kuamua jambo hilo na wenzake wachache tu: msamehe karo, mtafutie kazi jikoni au maktaba, tuone. Vingi vilikuwa vya kanisa, na kanisa lilishakuwa na watu wake Afrika Mashariki walioweza kusema, "huyu namfahamu, mchukueni." Mbiyu Koinange alikuwa amepita njia kama hiyo miaka ya 1920 na 1930: alianzia Hampton, akaenda Ohio Wesleyan, kisha Columbia. Aliporudi akaanzisha chuo cha ualimu Githunguri mwaka 1939.

Waingereza hawakupenda. Maafisa wa kikoloni walisema vyuo vingi vya hawa vijana ni vya daraja la pili na digrii zake hazina uzito. Tusiwe wepesi wa kuwacheka, maana hawakukosea kila kitu. Vyuo vingine vilikuwa dhaifu kweli, na kuna wanafunzi waliofika wakakuta ufadhili hautoshi hata kununua koti, wakaosha vyombo usiku na kusinzia darasani mchana. Ila mtu anayesema chuo chako hakina maana, huku yeye mwenyewe hajakujengea kingine, maneno yake unayapima kwa hilo pia.

Na msidhani kila mlango wa Marekani ulikuwa wazi. Chukueni Rice, hapa hapa Houston. Nacho ni chuo cha binafsi, na wakati ule hakikutoza karo kabisa. Lakini mkataba wa kukianzisha wa mwaka 1891 ulikiweka kwa ajili ya wazungu wa Houston na Texas, na mpaka bodi yake ilipoenda mahakamani mwaka 1963 kutaka kubadilisha sharti hilo, kijana wa Mboya asingeweza kusoma pale hata angekuwa na akili za ajabu. Machi 1960 wanafunzi weusi wa Texas Southern University walikuwa wanakaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Weingarten's kudai wahudumiwe kama watu wengine. Huo ndio Marekani waliokuwa wanaujia.

Septemba ya mwaka huo huo msichana mmoja wa Nyeri akapanda ndege. Alikuwa na umri wa miaka 20, ametoka Loreto Limuru, shule ya masista, na kwa njia ya kanisa akapata nafasi Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana cha masista Wabenedikto mjini Atchison, Kansas. Mnamjua kama Wangari Maathai. Pale chuoni walimwita Mary Jo, kwa jina lake la ubatizo la Mary Josephine.

(Kwa wale wanaopenda ramani: Missouri City yetu haiko Missouri wala haiko karibu na mto Missouri. Atchison ndiyo iko ukingoni mwa mto huo.)

Kutoka New York alisafiri kwa basi pamoja na Mkenya mwenzake aliyekuwa anaenda chuo kile kile. Njiani, Indiana, wakaingia mkahawani kutaka kinywaji baridi. Wakaambiwa wanaweza kununua, ila wasikae ndani, wakanywee nje. Hawa ni watoto wa koloni, ubaguzi wanaujua. Ila hawakutegemea kuukuta katika nchi waliyoambiwa ni ya watu huru.

Kisha wakafika Atchison. Mji mdogo, majani ya miti yanageuka rangi kabla ya kupukutika, jambo ambalo mtu wa Nyeri halijui. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba masista waliomfundisha walijua mambo yake yote. Likizo ikija na Wamarekani wakienda kwao, yeye hakuwa na kwao pa kwenda, kwa hiyo wanafunzi wenzake walimchukua nyumbani kwa wazazi wao. Aliishi hivyo miaka yake yote minne. Upande wa pili wa mji kulikuwa na chuo cha wavulana, St. Benedict's, na kwenye dansi wavulana hao walialikwa. Hilo lilimshtua. Masista waliomlea Kenya walimfundisha kwamba msichana Mkatoliki hakai karibu na mvulana hivyo, na sasa Wakatoliki wenzake wanacheza wameshikana na hakuna anayekemea! Mtu akianza kujiuliza ni lipi la dini na ni lipi la mila ya mzungu fulani, hawezi tena kuacha.

Masomo yenyewe ndiyo ninayotaka myaangalie vizuri. Mfumo wa Kiingereza ulikufunga mapema: ukichagua sayansi, ni sayansi. Chuo kama Mount kilikutaka uwe na somo kuu, yaani meja, na mengine pembeni. Wangari alichukua biolojia kama somo kuu, na pembeni kemia na Kijerumani. Kijerumani! Hebu mwambie mama leo kwamba unasoma biolojia na Kijerumani huko Kansas, usikie atakachosema. Wakati wa kiangazi alifanya kazi katika maabara ya hospitali mjini Kansas City, akajifunza kutayarisha tishu za mwili ili zichunguzwe kwa hadubini.

Novemba 1963, akiwa mwaka wa mwisho, Kennedy akauawa hapa Texas, mjini Dallas. Rais ambaye pesa za familia yake zililipia ile ndege. Wiki tatu baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikapata uhuru, na yeye yuko Kansas. Nadhani wazazi wetu wengi wanaijua hali hiyo, ya mambo makubwa ya kwenu kutokea ukiwa mbali. Ila wao walikuwa na simu.

Alimaliza mwaka 1964, akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kuchukua shahada ya pili ya biolojia, na Januari 1966 akarudi Nairobi akiwa na barua ya kazi mkononi: msaidizi wa utafiti katika zuolojia, chuo kikuu cha Nairobi. Alikuwa ameacha lile jina la Mary Jo na kujiita Wangari Muta. Alipokwenda kuripoti akaambiwa kazi ameshapewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini sababu ni mbili, kabila lake na kuwa mwanamke.

Kwa miezi kadhaa alitafuta kazi bila kupata, na digrii mbili mkononi. Halafu akakutana na Profesa Reinhold Hofmann, aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Giessen kuanzisha idara ya anatomia ya mifugo pale Nairobi. Alikuwa anahitaji mtu anayejua kutayarisha tishu na kuzisoma kwa hadubini. Wangari aliijua kazi hiyo. Akaajiriwa, na mwaka 1967 Hofmann akamhimiza aende Ujerumani kufanya utafiti wa udaktari, huko Giessen na baadaye Munich. Udaktari wenyewe aliupata Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Kilichofuata baada ya hapo, miti na Tuzo ya Nobeli ya 2004, tulikifundishwa sote.

Lakini mimi hubaki na ile safari ya 1967. Wenzake wa Makerere wangehitaji kuanza na kozi ya lugha. Yeye Kijerumani alikuwa ameshakianza Atchison, kwa wale masista.