Mbegu Huficha Urithi Wake

Leo tuzungumze habari za mtu mmoja na njegere zake, maana habari hiyo inafika hadi ghalani mwetu.

Mtu huyo ni Gregor Mendel, mtoto wa mkulima, aliyekuwa mtawa mjini Brno, katika nchi ambayo sasa ni Cheki. Alifanya majaribio bustanini tangu 1856 mpaka 1863. Alichukua chavua ya njegere zenye mbegu za mviringo na zile zenye mbegu za makunyanzi, akazipandisha aina hizo mbili. Mbegu zilizozaliwa zilikuwa za mviringo zote. Je, makunyanzi yamekwisha? Hata kidogo! Alipozipanda, akaiacha mimea ijichavushe yenyewe, alivuna mbegu 7,324: za mviringo 5,474, za makunyanzi 1,850. Karibu tatu kwa moja.

Sasa, hizo za mviringo ni sawasawa zote? Kwa macho huwezi kuzitenga. Mendel akaotesha mimea 565 kutokana nazo, akakagua mazao ya kila mmoja. Mimea 193 ilizaa mviringo tupu. Mimea 372 ilizaa mchanganyiko. Maana yake, kila mmea hupokea urithi wa baba na wa mama. Theluthi moja ilipata mviringo kwa wote wawili. Theluthi mbili ilibeba makunyanzi yaliyojificha. Watoto ndio waliomtangaza mzazi.

Mendel alichapisha matokeo 1866, akafariki 1884 bila kusikilizwa sana. Mwaka 1900 wataalamu wengine walipoona mambo yale yale, ndipo akakumbukwa.

Elimu hiyo ilisaidia kupata mahindi chotara. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale, Kenya, walitoa H611, iliyotokana na mahindi ya Kitale na ya Ecuador. Chotara ni kama njegere za uzao ule wa kwanza: yanafanana. Ukirudia kupanda punje zake, uzao wa pili unaachana: bua hili refu, lile fupi, na mavuno yanashuka.

Basi ndugu, hata hindi la chotara likinenepa namna gani, hilo ni la kula na kuuza. Msimu ujao nunua mbegu mpya. Fedha zikipungua, panda mbegu ya kawaida, ambayo unaweza kujiwekea. Chagua mahindi bora katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani.

Kazi njema.