Karatasi ya Wadudu wa Prague

Tangu niache chuo, mamangu huniuliza swali moja: utakua lini? Mimi humjibu kwa hadithi ya Karel Sláma.

Katikati ya miaka ya 1960, Sláma alitoka Prague akaenda Harvard, maabara ya Carroll Williams, akibeba wadudu wake wekundu wenye madoa meusi. Kule kwao, tunutu wa wadudu hawa hupitia hatua tano kisha huwa wakubwa. Marekani mambo yalikataa. Walifika hatua ya sita, wengine ya saba, miili mikubwa lakini bado watoto. Wakafa bila kuzaa.

Baada ya kukagua kila kitu, lawama iliangukia karatasi ya kupangusia mikono iliyotandikwa ndani ya vyombo vyao. Wakajaribu karatasi zingine. Gazeti la New York Times lilizuia wadudu kukua. Times la London halikuwa na neno. Karatasi za Marekani zilitokana na miti kama msonobari wa balsamu, wenye kemikali inayoiga homoni ya utoto ya wadudu. Mwaka 1966 William Bowers na wenzake waliitambua kemikali yenyewe.

Mdudu hakui kwa kuongezewa homoni tu. Ile ya utoto lazima iondoke. Mwili huacha kuitengeneza, na kuna jeni inayotoa kimeng'enya cha kuvunja masalio. Mwaka 1990 Bruce Hammock na wenzake walipachika jeni hiyo ndani ya kirusi cha viwavi. Viwavi wachanga walioambukizwa wakapunguza kula, na kukua kwao kukazorota.

Lakini si kila homoni hutupwa. Nondo wa hariri huifunga homoni ya kujivua ngozi kwa fosfati na kuiweka akiba ndani ya mayai. Kiinitete kikianza kukua, huifungua na kuitumia upya. Watafiti wa Japani walieleza kimeng'enya cha kuifungua mwaka 2003.

Ninachopenda ni kwamba Sláma hakuwaita wadudu wake wavivu. Aliangalia wamelalia nini.

Juzi nilimsimulia mamangu yote haya. Akasikiliza hadi mwisho, chai ikapoa. Kisha akasema, "Sawa, nimeelewa. Na wewe karatasi yako iko wapi?"