Pango, Upenu na Ngeu: Istilahi za Michoro ya Miambani ya Kondoa

Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo hulisikia jina la Kondoa kwa mara ya kwanza darasani, pale mwalimu wa historia anapoeleza Zama za Mawe. Kutoka nyanda za juu za Buha hadi kilima cha Kolo ni safari ndefu, na wanafunzi walio wengi hawatapata kuifunga. Kwao Kondoa ni maneno matupu. Maneno hayo yakikosewa, hapana jiwe lililo karibu la kuwasahihisha. Kwa sababu hiyo twaona yafaa istilahi za michoro hiyo zitazamwe upya, pamoja na historia yake.

Tuanze na usemi uliozoeleka, yaani "michoro ya mapangoni". Pango ni uwazi uingiao ndani ya mwamba au ardhi, na aghalabu pana giza. Amboni, karibu na Tanga, ni mapango kwa maana hiyo hasa. Lakini mgeni afikaye Kolo haingii popote. Hukuta majabali yaliyoinama mbele, chini yake pana kivuli, na ukuta wa nyuma ndio uliopakwa rangi. Jina lililoandikwa na UNESCO mwaka 2006, eneo hilo lilipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, halikutaja pango hata kidogo. Lilitaja sanaa ya miambani. Eneo lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, katika miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, na mahali penye michoro panazidi 150.

Mtu aweza kusema kwamba huku ni kushikilia mambo madogo. La hasha. Picha iliyomo ndani ya pango haipigwi na jua wala mvua. Ile ya Kolo hupigwa na jua la jioni au la asubuhi, hupulizwa vumbi, na maji hutiririka juu yake kila masika. Mtumishi aliyeagizwa kwa maandishi "kulinda pango" atafikiria mlango na kufuli, ilhali kazi iliyo mbele yake ni kuzuia maji na jua. Tena neno pango humpa mtoto picha ya mtu wa kale aliyejificha gizani kama mnyama, jambo ambalo mahali penyewe hapalithibitishi. Sisi twapendekeza "upenu wa mwamba". Kila mjenzi aujua upenu wa nyumba, na umbo ni lile lile. Wako wanaopenda "uvungu wa mwamba"; si kosa, ila uvungu humrudisha msomaji kitandani.

Neno la pili ni mchoro. Katika Kiswahili cha pwani kuchora kulihusu kalamu na karatasi, na pia kutia nakshi juu ya ubao. Upana huo ni mzuri katika mazungumzo lakini humtaabisha mfasiri, maana dunia ina sanaa za miambani za namna mbili: iliyopakwa rangi, kama hii ya Kondoa, na iliyochongwa katika jiwe, kama ile iliyo nyingi katika Sahara. Twaweza kusema "mchoro wa rangi" na "nakshi ya mwambani", na tatizo likaisha. Neno "picha" tusilitumie kwa jumla. Huko Nyero, mashariki ya Uganda, na katika kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, miamba imejaa miviringo myekundu iliyozungukana, ambayo haionyeshi mnyama wala mtu.

Kuhusu rangi yenyewe, tumewahi kuona tafsiri ikisema "udongo mwekundu wenye madini ya chuma", maneno sita mahali pa moja. Maseremala wetu wanalo neno zamani: ngeu, rangi nyekundu ya kupigia mistari juu ya mbao. Hatuoni sababu ya kuliacha karakanani. Wachoraji wa Kondoa walitumia ngeu kwa watu warefu wembamba, twiga, tembo na pofu wa michoro ya kale. Rangi nyeupe ni ya michoro ya baadaye, minene na isiyo na wembamba ule, ambayo wataalamu huwapa wakulima waliozungumza lugha za Kibantu. UNESCO hukadiria kwamba kuta hizo zimechorwa kwa muda usiopungua miaka elfu mbili.

Historia ya utafiti yaonyesha jinsi maneno yalivyoletwa na wageni. T.A.M. Nash aliandika habari za michoro ya Kondoa Irangi mwaka 1929. Ludwig Kohl-Larsen alifuata katika miaka ya 1930. Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kunakili mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Ray Inskeep alichimba Kisese mwaka 1956. Hapo katikati, mwaka 1979, Mtanzania Fidelis Masao alichapisha utafiti wake juu ya michoro ya Tanzania ya kati. Wote hao waliandika kwa lugha za kigeni, na mwalimu hana budi kufasiri mwenyewe usiku, kwa taa, kabla ya kipindi cha asubuhi. Wala kazi haijakwisha: mwaka 2021 Maciej Grzelczyk alichapisha habari za upenu wa Amak'hee, katika pori la akiba la Swaga Swaga, wenye sura za watu waliochanganyikana na vichwa vya nyati.

Sasa tufike penye ugomvi. Sheria ya mwaka 1964 ilizungumzia mambo ya kale. Baadaye likaja neno malikale, fupi na lenye nguvu, kwa kuwa lataja mali. Idara ya utalii nayo husema "kivutio". Lakini Mungomi wa Kolo ni mahali pa matambiko hadi leo: wenyeji huenda kuomba mvua na afya. Eric ten Raa, aliyeishi na Wasandawe, aliandika mwaka 1971 akiihusisha michoro na uwindaji, matambiko na ngoma ya simbo. Pombe ya tambiko ikirushwa ukutani hudhuru rangi. Mhifadhi hulia, na ana haki. Ila akiandika katika taarifa yake kwamba wenyeji "wanaharibu kivutio", amekwisha kutoa hukumu kwa neno moja. Kivutio huvuta mgeni. Mwenyeji hakuvutwa na kitu, alikuwapo. Sisi twashauri taarifa za serikali zitumie "mahali pa tambiko na malikale" kwa pamoja, hata kama ni ndefu, na "kivutio" libaki katika matangazo ya safari.

Walimu wa Kasulu na Kibondo wanaweza kuyajaribu maneno haya karibu na kwao. Huko Uvinza, kusini ya Kasulu, wachimbaji wa mwaka 1967 walipata mabaki ya kazi ya kuchemsha maji ya chumvi iliyoanza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hapana michoro pale. Pana vigae, majivu na chemchemi. Mwanafunzi aulizwe: je, Uvinza ni kivutio, au ni malikale?