Fundi wa Injini Yuko Wapi?

Juma hili kijana mmoja kaniuliza swali. Gari lake ni Subaru. Kalifunga tabochaja kubwa kuliko ile ya kiwandani na sindano mpya za petroli. Sasa ampe fundi wa hapa mjini alitunie, au amlipe fundi wa ng'ambo atakayemtumia programu ya injini kwa intaneti, bila hata kuligusa gari lenyewe?

Swali hilo ni la zamani kuliko intaneti. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na mpaka mwaka 1971 hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyeyashinda. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Sisemi kwamba sababu ilikuwa injini peke yake. Matope yetu nayo yalifanya kazi yake. Lakini tazameni mwaka 1965. Mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake Nairobi. Yeye na ndugu yake Jaswant waliendesha Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mtumba, kwa lugha yetu ya leo!

Mtu wa namna hiyo alijua jambo moja ambalo fundi aliyeko Ulaya hakulihisi kifuani mwake: hewa. Toka Mombasa hadi Nairobi unapanda karibu mita 1,700, na hewa inapungua uzito kwa kiasi cha moja ya sita hivi. Kabureta haina habari. Inaendelea kumimina petroli ile ile, gari linatoa moshi mweusi na plagi zinashika masizi. Basi ukiweka jeti ndogo ili gari likae sawa Nairobi, ukiteremka pwani injini inakosa petroli ya kutosha, inachemka na kuanza kugonga. Fundi wetu alifungua plagi akaitazama: kahawia hafifu ni heri, nyeusi petroli imezidi, nyeupe ni hatari.

Kisha kompyuta ikaingia. Mwaka 1967 Bosch walileta upulizaji wa petroli unaoongozwa na umeme katika Volkswagen 1600, na mwaka 1979 mfumo wao wa Motronic uliunganisha petroli na moto wa plagi katika kompyuta moja. Sasa injini ilipima hewa yenyewe. Toka magari ya mwaka 1996, sheria ya Marekani ilidai tundu la aina moja la kusomea kompyuta hiyo, na njia ya fundi wa mbali ikaanza kufunguka. Siku hizi mwenye gari anafunga kipimo cha oksijeni kwenye bomba la moshi, anaendesha, anarekodi, anatuma. Fundi anasahihisha, anarudisha. Wanarudia hivyo mara kadhaa.

Mimi sina ugomvi na njia hiyo. Fundi wa mbali aliyekwisha kutuni magari mengi ya aina ile ile namwamini kuliko jirani anayemuuzia kila mteja programu moja iliyokwisha pikwa. Taabu ni kwamba wa mbali anajua yale tu aliyoambiwa na vipimo. Hasikii mpira wa hewa unaovuja. Haoni pampu ya petroli iliyochoka.

Na petroli yenyewe! Petroli ya daraja la juu ya Japani hufikia okteni 100 hivi. Ya vituo vyetu kwa kawaida iko chini ya hapo. Okteni ikipungua, mchanganyiko unajiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba risasi huzuia mgongano huo, lakini risasi ni sumu, na Afrika kusini mwa Sahara iliiaga katika petroli mwishoni mwa mwaka 2005. Gongo hilo halipo tena.

Kwa hiyo kijana apate wote wawili. Wa hapa kwanza apime mgandamizo wa kila silinda, shinikizo la pampu na uvujaji wa hewa. Wa mbali aambiwe petroli inanunuliwa kituo gani na gari linalala mita ngapi juu ya bahari. Asipouliza mambo hayo, atafutwe mwingine. Kila baada ya safari ya majaribio, wa hapa afungue plagi moja aitazame rangi.