Kusoma Katiba kwa ufinyu au kwa upana: tofauti ni ipi?

Mfanyabiashara wa Mchafukoge amepanga fremu. Mkataba unasema "duka la nguo". Akileta mashuka, mwenye nyumba anaweza kumwambia shuka si nguo. Mpangaji naye atajibu: lengo lilikuwa biashara ya vitambaa. Maneno ni yaleyale, ila yanasomwa kwa namna mbili.

Katiba nayo iko hivyo hivyo. Kuisoma kwa ufinyu ni kubaki kwenye maneno yalivyoandikwa. Kuisoma kwa upana ni kuangalia lengo la haki iliyowekwa.

Mahakama zetu zimesemaje?

Mwaka 2002, katika kesi ya Ndyanabo, Mahakama ya Rufani ilisema Katiba ni kitu hai. Haki za msingi zisomwe kwa upana, vizuizi vyake visomwe kwa ufinyu. Hapo ikafuta sharti la kuweka dhamana ya Sh5 milioni kabla kesi ya kupinga matokeo ya ubunge haijasikilizwa. Asiye na fedha naye akapata mlango wa mahakama.

Mgombea binafsi je?

Hapa ndipo penye mvutano. Ibara ya 21 inatoa haki ya kushiriki utawala wa nchi, lakini Ibara za 39 na 67 zinamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alipinga. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia, Bunge likabadili Katiba. Mwaka 2006 akashinda tena Mahakama Kuu.

Mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani walitengua ushindi huo: suala ni la kisiasa, waamue wabunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikasema sharti la chama linavunja haki chini ya Mkataba wa Afrika.

Linakuhusu vipi?

Hadi uchaguzi wa 2025 sharti hilo lilikuwepo. Hata udiwani wa kata kama Mchafukoge ulihitaji chama. Yaani mtu anaweza kuaminiwa na mtaa mzima, lakini bila kadi ya chama jina lake haliingii kwenye karatasi ya kura.

Kwa hiyo ukisikia "Katiba inasema", uliza kwanza: imesomwaje?